Uchavushaji wa Pamba kwa Mkono: Historia ya Mbegu Chotara nchini India

Ua la pamba hubeba sehemu za kiume na za kike pamoja. Katikati yake imo ovari yenye vyumba vitatu hadi vitano, kila chumba kikiwa na ovuli kadhaa zinazosubiri kuwa mbegu, na juu ya ovari huchomoza stigma. Stameni ni nyingi na hazikusimama kila moja peke yake: zimeungana kwa chini na kufanya mrija unaoizunguka shingo ya stigma, kama ilivyo kwa bamia, rozela na mimea mingine ya ukoo huo. Ua hufunguka asubuhi likiwa na rangi ya maziwa, huanza kugeuka waridi alasiri, na kesho yake huwa jekundu na kunyauka. Chavua yake ni nzito na hunata, kwa hiyo upepo hauichukui. Nyuki huihamisha kwa kiasi, lakini maua mengi hujichavusha yenyewe saa chache tu baada ya kufunguka.

Umbile hilo limezaa mojawapo ya kazi kubwa za mikono katika kilimo cha dunia. Anayetaka mbegu chotara, yaani mbegu yenye mama wa aina moja na baba wa aina nyingine, hana budi kuondoa sehemu ya kiume ya ua la mama kabla halijafunguka, kisha alipake chavua ya baba asubuhi inayofuata. Mahindi hayana taabu hiyo: maua ya kiume yako kileleni na ya kike yako ubavuni mwa bua, na mtu hupita kwenye mistari akikata vilele. Pamba haina njia ya mkato ya namna hiyo. Hata hivyo India ililima pamba chotara kwa wingi kuliko nchi nyingine yoyote, na tangu 1970 sehemu kubwa ya mbegu hiyo imetengenezwa ua kwa ua, hasa kwa vidole vya wanawake na wasichana wa vijijini.

Kwamba machotara ya pamba huwa na nguvu kuliko wazazi wao si jambo lililogunduliwa India. Mwaka 1894, P. H. Mell wa Alabama, Marekani, alitoa taarifa ya majaribio ya kuchanganya aina za pamba kwa lengo la kuboresha nyuzi, na watafiti waliomfuata waliona tena na tena kwamba kizazi cha kwanza hukua kwa kasi na kuzaa sana. Mwaka 1934, C. C. Doak wa Texas alieleza mbinu rahisi ya kulihasi ua la pamba bila mkasi wala koleo. Mtu huingiza ukucha wa kidole gumba kwenye kitako cha ua, huuzungusha, kisha huvuta. Kwa kuwa stameni zimeungana kuwa mrija mmoja, hutoka zote kwa mkupuo pamoja na petali, na ovari na stigma hubaki wazi. Mbinu hiyo iliwafaa watafiti waliohitaji mbegu chache za majaribio. Kwa wakulima wa Marekani haikuwa na faida yoyote, kwa sababu ujira wa vibarua wa kuchavusha ekari nzima ungezidi thamani ya pamba yenyewe.

India ilikuwa na mahitaji ya aina nyingine. Wakulima wake walikuwa wamelima pamba kwa maelfu ya miaka, lakini aina zao za asili, Gossypium arboreum na Gossypium herbaceum, zilikuwa na nyuzi fupi. Viwanda vya Bombay na Ahmedabad vilitaka nyuzi ndefu za kusokota uzi mwembamba. Kamati Kuu ya Pamba ya India, iliyoundwa 1921, iligharimia utafiti wa mbegu katika majimbo mbalimbali na kueneza pamba ya Kimarekani, Gossypium hirsutum, yenye nyuzi ndefu zaidi. Nchi ilipogawanywa mwaka 1947, sehemu kubwa ya mashamba ya umwagiliaji yaliyotoa pamba hiyo, yale ya Sindh na Punjab ya magharibi, yaliangukia Pakistan, ilhali viwanda vingi vilibaki India. Pengo lilijazwa kwa pamba ya kununua nje: Misri, Sudan, na pia Uganda, ambayo tangu enzi za ukoloni ilikuwa ikiuza Bombay sehemu kubwa ya mavuno yake. Kila bela lililoshushwa bandarini liligharimu fedha za kigeni ambazo serikali changa ilizihitaji kwa mambo mengine.

Kituo cha utafiti wa pamba cha Surat, katika jimbo la Gujarat, ndiko jibu lilikopatikana. Mtafiti C. T. Patel alichukua aina ya Kihindi ya hirsutum iliyoitwa Gujarat 67 ikawa mama, na baba akawa aina ya Kimarekani iliyojulikana kwa jina la American Nectariless, yaani pamba isiyotoa nekta. Chotara lililopatikana liliitwa Hybrid-4, au H-4 kwa kifupi, na lilitolewa kwa wakulima mwaka 1970. Hilo ndilo lilikuwa chotara la kwanza la pamba duniani kulimwa kibiashara. Sifa ya kukosa nekta ina historia yake. Ilitoka kwa Gossypium tomentosum, pamba mwitu ya visiwa vya Hawaii, na ikahamishiwa kwenye pamba ya kawaida na J. R. Meyer na Vesta G. Meyer huko Mississippi, ambao walichapisha maelezo ya urithi wake mwaka 1961. Jina la Vesta Meyer litarudi katika habari hii, kwa kuwa ndiye aliyetoa pia njia ya kuifanya pamba isihitaji kuhasiwa kwa ukucha.

Miaka miwili baada ya H-4, mwaka 1972, B. H. Katarki wa Dharwad, jimbo la Karnataka, alitoa Varalaxmi, chotara la spishi mbili tofauti: mama wa hirsutum na baba wa barbadense, spishi inayojumuisha pamba ya Misri. Nyuzi zake zilikuwa ndefu na laini kiasi cha kuviwezesha viwanda kupunguza pamba ya nje. H-4 na Varalaxmi zilienea haraka Gujarat, Maharashtra, Karnataka, Andhra Pradesh na Tamil Nadu, hasa kwa wenye maji ya kumwagilia na uwezo wa kununua mbolea. Waliozilima walijifunza mapema kwamba mbegu inayobaki baada ya kuchambua pamba haifai kupandwa tena. Katika kizazi cha pili jeni za wazazi hugawanyika upya, shamba huwa na mimea mirefu na mifupi, ya mapema na ya kuchelewa, na nguvu ya uchotara hupungua. Mkulima aliyezoea kuweka mbegu yake mwenyewe akawa mnunuzi wa kila msimu, na nyuma ya kila paketi aliyonunua palikuwa na kazi ambayo wengi hawakuwahi kuiona.

Kazi hiyo huanza alasiri. Shamba la mbegu hupandwa mistari ya mama kwenye sehemu kubwa, na mistari michache ya baba pembeni. Wafanyakazi hupita kati ya mistari ya mama wakitafuta chipukizi la ua litakalofunguka kesho yake: petali zimeshachomoza na kujisokota kama ncha ya mshumaa, rangi imeanza kuwa ya maziwa, lakini mdomo bado umefumba. Lililo changa mno huumia likishikwa. Lililochelewa huenda limeshajichavusha. Ukucha huzama kwenye kitako, huzunguka, na petali pamoja na mrija wa stameni hutoka kama kofia. Hapo huangaliwa kama kuna chavulio, yaani kifuko cha chavua cha stameni, lililobaki, kwa sababu moja tu linatosha kuharibu mbegu zote za kitumba, yaani tunda, kitakachotokana na ua hilo, na kama ukucha haukuchubua ovari. Stigma iliyobaki wazi hufunikwa kwa kifuko cha karatasi nyekundu, ambacho huikinga na nyuki na pia huwaonyesha wachavushaji wa kesho mahali pa kurudi.

Asubuhi, umande ukishakauka, maua ya baba yaliyofunguka huchumwa. Wafanyakazi huenda kwenye kila karatasi nyekundu, huiondoa, na kusugua stameni za ua la baba juu ya stigma mpaka chavua za njano zionekane zimeganda pande zote. Ua moja la baba hutosha maua kadhaa ya mama. Kisha uzi hufungwa kwenye kikonyo, ili wakati wa kuvuna kitumba cha uchotara kitofautishwe na kile kilichojichavusha kwa bahati. Kazi lazima iishe kabla ya jua kuwa kali, kwani chavua hufa siku hiyo hiyo. Alasiri mzunguko huanza upya, na huendelea kila siku kwa wiki nyingi mfululizo. Mwisho wa msimu wa kuchavusha, machipukizi yote mapya huondolewa ili nguvu ya mmea iende kwenye vitumba vilivyofungwa uzi.

Hesabu ndogo yaonyesha uzito wa kazi hiyo. Paketi ya kawaida ya mbegu chotara nchini India ilikuwa ya gramu 450, kwa ajili ya ekari moja. Mbegu iliyoondolewa manyoya huwa na uzito usiofika sehemu ya kumi ya gramu, kwa hiyo paketi ina mbegu zipatazo 5,000. Kitumba kilichochavushwa vizuri hutoa mbegu 25 hivi. Maana yake ni vitumba kama 200 kwa paketi moja, na maua yaliyohasiwa ni mengi zaidi ya hapo, kwa kuwa maua mengi yaliyoshikwa na vidole hudondoka kabla ya kukomaa.

Kampuni za mbegu hazikufanya kazi hii zenyewe. Ziliwapa mawakala mbegu za wazazi, mawakala wakaingia mkataba na wenye mashamba, na wenye mashamba wakatafuta vibarua. Bei ya kununulia mbegu ilipangwa na kampuni kabla ya msimu, na sehemu kubwa ya gharama ilikuwa ujira wa kuhasi na kuchavusha; mwenye shamba aliyetaka faida hakuwa na mahali pengine pa kubana. Katika miaka ya 1990, kwenye wilaya za Andhra Pradesh kama Kurnool na Mahbubnagar, walioshika kazi hii kwa wingi walikuwa wasichana wadogo, wengine hawajafika umri wa miaka kumi. Wazazi walipewa mkopo kabla ya msimu, nao watoto wakaulipa kwa kufanya kazi kwa miezi. Tafiti za Davuluri Venkateswarlu, zilizoanza kusomwa sana mwishoni mwa muongo huo, ziliweka wazi ukubwa wa jambo lenyewe: malaki ya watoto, wengi wao walioacha shule, wakishinda kwenye mashamba yaliyopulizwa viuatilifu. Huko Gujarat, watoto na vijana wa jamii za makabila walisafirishwa kutoka wilaya za Rajasthan kama Dungarpur na kulala mashambani msimu mzima.

Ilisemwa mara nyingi kwamba vidole vidogo huhasi ua vizuri zaidi. Sababu hiyo haina msingi. Watu wazima hufanya kazi hiyo hiyo kwa ustadi ule ule. Watoto waliajiriwa kwa kuwa walilipwa kidogo, walitii na hawakudai. Shinikizo la mashirika ya haki za watoto, mikataba ya kampuni kadhaa kubwa na kuenea kwa shule vilipunguza idadi yao kwenye mashamba makubwa. Uzalishaji nao ukahamia kwenye vijishamba vya familia, mahali ambapo mtoto anayefanya kazi ni wa mwenye shamba na ukaguzi ni mgumu.

Wakati huo wote wataalamu wa urithi walijua kwamba ua la pamba linaweza kufanywa lisizae chavua kabisa. Njia ya kwanza ilitegemea jeni zilizo kwenye kiini cha seli. Katika Marekani iligunduliwa mimea yenye jeni mbili, ms5 na ms6, ambazo mmea ukizirithi kutoka pande zote mbili huwa na ua zima, lenye stigma na ovari timamu, lakini machavulio yake ni matupu. India ilitoa chotara la kwanza la namna hiyo, Suguna, kutoka kituo cha Coimbatore mwaka 1978. Kikwazo chake ni cha kimahesabu. Mmea tasa hauwezi kujizalisha. Hutunzwa kwa kuuchanganya na ndugu yake mzima, na watoto hutoka nusu tasa na nusu wazima. Mzalishaji wa mbegu hulazimika kungoja ua la kwanza la kila mmea, achungulie chavulio, kisha ang'oe nusu ya shamba lake baada ya kuwa amelipalilia na kulitia mbolea.

Njia ya pili ilitoka kwa Vesta Meyer. Katika miaka ya 1970 alieleza jinsi alivyoingiza kromosomu za pamba ya kawaida ndani ya saitoplazimu ya Gossypium harknessii, pamba mwitu ya Baja California, Mexico. Saitoplazimu hurithiwa kwa mama peke yake, pamoja na mitokondria zake zenye jeni zao wenyewe. Jeni za kiini na za mitokondria zisipopatana, chavua haikui. Hapa mimea yote ya mstari wa mama huwa tasa bila kung'oa hata mmoja. Mstari wa pili, wenye kiini kile kile na saitoplazimu ya kawaida, hutumika kuutunza, na baba wa chotara huwa na jeni iitwayo Rf1 inayorudisha uzazi, ili mkulima atakayepanda mbegu apate vitumba. Katika miaka ya 1990 kituo cha Akola, Maharashtra, kilitoa chotara la namna hii, PKV Hy-3.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya chavulio kilieleweka baadaye. Kila seli ya mmea ina jeni zote, lakini ni baadhi tu zinazoamshwa mahali fulani na kwa wakati fulani. Chipukizi la ua huchukua kama wiki tatu tangu kuonekana hadi kufunguka, na katika muda huo zamu za jeni hupokezana kwa mpangilio mkali. Ukuta wa ndani wa chavulio una tabaka la seli liitwalo tapetamu, linalolisha chavua changa na kutoa vitu vya kujengea gamba lake gumu. Tapetamu likishamaliza kazi hutakiwa kufa lenyewe. Likifa mapema chavua hukosa chakula. Likichelewa, chavua hubaki imefungwa. Katika mistari tasa ya saitoplazimu ya harknessii, tapetamu huharibika kabla ya wakati wake. Jeni nyingi zinazorudisha uzazi katika mimea huunda protini zinazoingia kwenye mitokondria na kuzuia ujumbe wa jeni haribifu usifanye kazi.

Joto huvuruga mpangilio huo huo. Watafiti wa Wuhan, China, walichapisha mwaka 2013 na 2014 uchunguzi wa jeni zinazofanya kazi ndani ya chavulio wakati wa joto kali, wakilinganisha mstari unaodhurika na mstari unaovumilia. Katika ule unaodhurika, matumizi ya sukari na kiwango cha homoni ya oksini ndani ya chavulio vilivurugika, na machavulio yakashindwa kupasuka. Matokeo hayo yana maana ya moja kwa moja kwa machotara ya saitoplazimu, kwa kuwa urejeshaji wa uzazi wao hulegea hasa siku za joto kali, na mashamba ya pamba ya India yana siku nyingi za namna hiyo. Kusomwa kwa jenomu kumeongeza kasi ya kazi hii: ya Gossypium raimondii, pamba mwitu ya Peru, mwaka 2012, ya arboreum mwaka 2014, na ya hirsutum yenyewe mwaka 2015.

Ukucha haukuondolewa na elimu hiyo, na sababu zake si za kibiolojia pekee. Mistari tasa huhitaji nyuki wa kutosha kuleta chavua, na viuatilifu vya pamba huwaua. Pasipo nyuki, mkono hurudi kuchavusha hata kama haukuhasi. Kila mzazi mpya lazima abadilishiwe saitoplazimu au apewe jeni ya urejeshaji kwa vizazi kadhaa vya kuzalishwa, ilhali kwa kuhasi kwa mkono aina yoyote huchanganywa na nyingine yoyote msimu huo huo. Lakini hoja iliyoshinda zote ni bei. Maadamu kazi ya msichana wa Kurnool ililipwa senti, hakuna kampuni iliyolazimika kuvumilia miaka ya kurekebisha mistari tasa. Utafiti ulikuwapo, fedha za kuufikisha shambani zikakosekana kwa sababu njia ya zamani ilikuwa rahisi mno kwa mwenye kulipa.

Mahitaji ya mbegu yaliongezeka ghafla mwaka 2002, serikali ya India iliporuhusu pamba yenye jeni ya bakteria Bacillus thuringiensis, inayoua funza wa vitumba. Aina tatu za kwanza zilikuwa machotara ya kampuni za Mahyco na Monsanto. Jeni hiyo ingeweza kuwekwa kwenye aina za kawaida ambazo mkulima huhifadhi mbegu zake, kama ilivyofanyika katika nchi nyingine. Nchini India iliwekwa karibu yote ndani ya machotara, na hivyo kila aliyetaka kinga dhidi ya funza alinunua pia uchavushaji wa mkono. Kabla ya hapo machotara yalichukua kama asilimia 40 ya eneo la pamba nchini. Muongo mmoja baadaye yalikuwa yamepita asilimia 90.

Mbegu za pamba yenye jeni hiyo ya bakteria zimefika Afrika Mashariki pia. Desemba 2019 serikali ya Kenya iliidhinisha kilimo cha pamba hiyo, na mwaka uliofuata wakulima wakaanza kupata machotara ya Mahyco, ambayo hununuliwa upya kila msimu. Tanzania imebaki na aina za kawaida zilizozalishwa Ukiriguru, Mwanza, zikiwamo UK91 na UKM08. Hizo hujichavusha zenyewe shambani, na mbegu ya msimu unaofuata hupatikana kwenye viwanda vya kuchambua pamba.